Mboga Chungu za Julai

Julai ya Elburgon ilikuwa ikinifukuza. Ukungu ulishuka asubuhi kutoka msitu wa Mau na haukuondoka hadi adhuhuri. Nyumba yetu ya mabanzi, kwenye laini za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, ilipitisha upepo kila upande. Nilikuwa bibi harusi wa miezi michache kutoka magharibi, sina mtoto, sina shamba. Nilifagia mahali nilipokwisha kufagia. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Gari la moshi la Kisumu likilia, roho yangu ilipanda nalo. Mwisho nikamwambia mume wangu wazi kwamba Jumamosi narudi kwa mama. Yeye, ambaye hakuwa amekanyaga kwao, huko huko magharibi, tangu aandikwe kazi, na wala hakuzungumza habari za huko, akaniambia nivumilie tu.

Wiki hiyo nilikuwa nikimvunia mboga memsabu wa Kiitaliano, mke wa fundi mkuu wa kiwanda. Aliniambia kwao hizo ni mboga za majira ya baridi, na Julai yetu ilizipendeza. Zilikuwa na majani marefu yenye meno pembeni. Alizichemsha, akazikaanga kwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, akanionjesha. Nilikunja uso, kisha nikaomba tena. Ulikuwa uchungu ule ule wa mnavu wa kwetu, na nilitaka kulia pale pale jikoni kwake.

Akanijazia kikapu. Yeye alizila siku ile ile, zingali moto, jambo ambalo kwetu ni ulafi mtupu. Kwetu mboga yenye uchungu hailiwi siku ya kupikwa. Nilizitia kwenye nyungu niliyopewa na mama, nikamimina maziwa, nikazichemsha taratibu. Kesho yake maziwa tena, kesho kutwa tena. Jumamosi ikafika, gari likapita, nami niko na mwiko, kwa sababu mwanamke wa kwetu haachi nyungu ambayo bado inanyweshwa maziwa. Nilijikasirikia sana. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilikaa kitako nikasahau mlango.

Jumapili, tukitoka kanisani, nilimwomba memsabu mbegu, akaniahidi. Nikampakulia mume wangu mboga zile kwa ugali wa wimbi. Nilikuwa na furaha, nikingoja amalize ndipo nimwambie kwamba siendi tena.

Alimeza tonge la kwanza. La pili lilibaki mkononi.

“Hivi ndivyo mama alivyokuwa akipika,” alisema. “Gari la Kisumu linapita tena lini?”

Nikamwambia nimeamua kubaki, na kwamba mbegu zinakuja. Alinawa mikono, akavuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda, akaanza kutafuta shati la safari.