Mwambie Ageuze Simu

Tangazo la kifo cha jirani yangu Mwarmenia lilibandikwa ndani ya lifti ya jengo letu hapa Weston, Kanada, chini ya lile la kukatwa kwa maji, na kama angekuwa hai asingeliamini. Mzee yule hakuamini tangazo lolote. Likisema maji yatakatwa saa nne, alijaza ndoo tangu alfajiri; likisema mtambo wa joto umetengenezwa, alishika bomba kwanza. Kwa heshima yake nami nikashuku, nikapanda hadi ghorofa ya sita kugonga mlango. Binti yake alifungua akiwa amevaa nguo nyeusi, macho yamevimba, nikajua kwamba safari hii tangazo lilisema kweli. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu. Kwa miaka mingi alivuka mpaka wa Marekani na kurudi kama mtu anayekwenda dukani. Mpaka mmoja tu ulimshinda. Kijiji alichozaliwa kiko ukingoni mwa mto. Ng'ambo ni Uturuki, na huko ng'ambo ndiko alikotoka bibi yake, aliyekimbia mauaji akiwa msichana, akaacha nyumba na kisima. Mto wenyewe si mpana, ila nchi hizo mbili hazina ubalozi moja kwa nyingine, na mpaka wao wa nchi kavu umefungwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mzee alitaka jambo moja kabla ya kufa: avuke pale pale, akione kisima. Angeweza kuzunguka kupitia nchi jirani ya Georgia, nami nilimwambia hivyo. "Nyumba ya bibi yangu niingie kwa dirisha la jirani?" aliniuliza, akanikazia macho kana kwamba nimetumwa.

Miaka michache iliyopita zikaja habari kwamba serikali hizo zimekubaliana kuufungua mpaka kwa raia wa nchi ya tatu, yaani watu wasio Waturuki wala Waarmenia. Nilimpelekea mbio, maana Mzee alikuwa na pasipoti ya Kanada. Nilidhani atafurahi. Alimimina kahawa, kisha akasema, "Kwa hiyo wananikaribisha, ilimradi nisiwe mimi." Miezi ikapita, picha za wakubwa wakishikana mikono zikazidi, lango likabaki na kufuli yake. Tangu hapo kila nikiona mkono wa kiongozi ndani ya mkono wa mwenzake, natafuta ule mwingine uko wapi.

Mimi nilizaliwa Taveta, na nilikuwa mtoto mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa. Nilimsimulia jinsi mama zetu walivyopita njia za panya kwenda kuzika ndugu zao upande wa Moshi, na askari waliowafahamu wakajifanya wanatazama pembeni. "Ama unanidanganya," alisema, "ama wakubwa wenu waligombana peke yao." Wakubwa wetu waligombania reli na ndege; sisi wa chini hatukuwa na damu katikati yetu. Kati ya Waarmenia na Waturuki iko, tena nyingi, na hadi leo hawajakubaliana hata waiite nini.

Ghorofa ya tisa anakaa Mturuki, fundi wa vigae, ambaye kwao ni ng'ambo ile ile ya mto. Nilipogundua nusura niruke. Jengo moja, lifti moja, na kila mmoja akimwona mwenzake ndani anangoja irudi. Mzee akanituma nimuulize kama kisima bado kipo. Fundi akanirudisha: "Anakitakia nini? Leo kisima, kesho hati ya shamba." Nikawa napanda na kushuka na shaka zao, mpaka na mimi nikaanza kushuku kwamba wote wawili wananitumia. Mke wangu alinicheka. "Baba watoto, umeteuliwa balozi lini, na gari lenye bendera liko wapi?"

Mwaka jana, majira ya joto, fundi alikwenda kwao kusalimia, akarudi na video ya kisima kwenye simu. Alinirushia, wala sikumwuliza kilichombadilisha. Mzee aliitazama, akanirudishia simu yangu. "Visima vyote vinafanana. Nitajuaje amepiga wapi?" Nilikasirika, nikamwuliza ataamini nini basi. Akafikiri. "Mwambie ageuze simu. Aanze na maji, halafu ageuke pole pole bila kukata, apige upande wetu. Nikiona shule yangu na mnara wa maji nyuma yake, nitaamini." Fundi aliguna, lakini akamwagiza mpwa wake aliye kule.

Ilikuwa video fupi. Maji, mawe, kivuli cha mtu, kisha mto, kisha ng'ambo: nyumba chache, shule, mnara wa maji ulioinama. Mzee aliishika simu kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kukiona kijiji chake kutoka upande ule. Utotoni waliambiwa kuwa kule kuna watu wanaowatazama mchana na usiku wakiwapangia mabaya. "Ona tulivyo wadogo," alisema. "Kutoka hapo hata huwezi kujua nani ameanika nguo." Akalia, nami nikalia. Halafu akafuta macho, akataka kujua mpwa huyo anafanya kazi gani, na kama ana ndugu jeshini.

Amekufa lango likiwa bado limefungwa. Kwenye mazishi fundi wa vigae alikuja, akasimama nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mlango. Baada ya ibada alinivuta mkono. Binti wa marehemu alikuwa hatua chache mbele yetu. "Muulize," alininong'oneza, "kama ana picha iliyopigwa kutoka kwao kuelekea kwetu. Sijawahi kuiona nyumba ya mama yangu kutoka kule." Nikafungua mdomo nipeleke ujumbe kama kawaida, nikaufunga. Nilikuwa nimechoka kuwa nchi ya tatu.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

Alinitazama kana kwamba nimemsaliti. Kisha akaenda, kofia mkononi. Nilimwona binti akirudi nyuma hatua moja, halafu nikamwona akitoa simu kwenye mkoba. Sikusikia walichosema, na sitakudanganya, msomaji wangu, kwamba walipatana. Mzee alinifunza kutoamini, na sitaki kuacha. Lakini alinifunza pia namna ya kupima: usimwombe adui akuonyeshe kwake, mwombe akuonyeshe kwenu anavyokuona yeye.