Sindano Zilizobaki

Thobias Masele alikuwa mtu ambaye wazazi wa kijiji chake, upande wa magharibi wa Ushirombo, walimtaja walipotaka kuwakemea watoto wao. Hakunywa gongo wala pombe ya mtama. Misa ya Jumapili hakuikosa, ijapokuwa ilimlazimu kupanda baiskeli alfajiri. Watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, wengi walijenga vibanda vya kupitisha mvua moja, wakitumaini kurudi kwenye mahame yao. Thobias alifyatua matofali akajenga nyumba ya vyumba vitatu. Waliogombana walimwendea awasuluhishe. Akisema atafika, alifika. Ilikuwa sifa njema, na ndiyo iliyomponza.

Mkewe Febronia alimzalia watoto watano. Wa kwanza alikuwa Tereza, na kwa jina lake wote wawili waliitwa Baba Tereza na Mama Tereza. Wa mwisho alikuwa Eufrasia, aliyekuja mama yake akidhani amekwisha kumaliza kuzaa. Thobias, ambaye hakuwahi kubeba mtoto mbele za watu, huyu alimbeba. Alikuwa hajatimiza miaka miwili, na maneno yake hayakujaza kiganja: "mayu" kwa mama yake, "baba", "maji", na "nenda" alilowaambia kuku.

Mwaka 1977, baada ya pamba kuuzwa, Tereza alichumbiwa na kijana wa Masumbwe. Washenga walikwenda na kurudi hadi wakapatana siku: Jumamosi, ng'ombe wa mahari wangeletwa nyumbani kwa Thobias mbele ya ndugu wa pande zote mbili. Zikiwa zimebaki kama siku kumi, Eufrasia alianza mafua na kikohozi. Nusu ya watoto wa kijiji walikuwa na mafua, hakuna aliyeshtuka. Kisha akashikwa na homa kali. Walimpa klorokwini, akaitapika. Asubuhi iliyofuata shingo ilikuwa ngumu kama mpini, na macho yakapinduka akaanza kurukaruka mikono na miguu.

"Degedege," jirani mmoja alisema, akaenda kutafuta mavi ya tembo ya kumfukizia.

"Fukiza nyumba yako," Febronia alimjibu. "Baba Tereza, leta baiskeli."

Thobias hakubisha. Febronia alikaa nyuma kwenye keria, mtoto kifuani, na Thobias aliendesha bila kupumzika mpaka hospitali ya misheni. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye wapo waliosimulia kana kwamba hakuwa na mapenzi na mtoto wake.

Mganga msaidizi wa hospitali hiyo, Marselino, alimtoa mtoto maji ya uti wa mgongo. Maji hayo kwa mtu mwenye afya huwa maangavu kama ya kisimani. Ya Eufrasia yalitoka kama maji yaliyooshea mchele. Akayatazama kwa hadubini, akawaita wazazi.

"Ni homa ya uti wa mgongo," alisema. "Inaletwa na bakteria aitwaye Hemofilasi. Anakaa puani na kooni mwa watoto wengi wala hawadhuru. Lakini kwa mtoto mdogo kama huyu, mara nyingine anapenya kwenye damu hadi kwenye utando unaofunika ubongo. Dawa ipo. Ni sindano, mchana na usiku, kwa wiki mbili kamili."

"Wiki mbili?" Thobias aliuliza.

"Kamili. Akifungua macho, tunaendelea. Akicheka, tunaendelea. Mdudu huyu akiachwa nusu, anaanza upya."

Hapakuwa na neno gumu katika maelezo hayo. Thobias aliyasikia na kuyaelewa.

Siku za kwanza mtoto alilala kama gogo. Kisha homa ikashuka, shingo ikalegea, na asubuhi moja akafumbua macho akanyonya. Kitanda cha jirani alikuwako Mageni, mwanamke wa Kahama mwenye mtoto wa kuungua, ambaye hakumwacha mtu bila kumtania. Alipiga kigelegele wodi nzima ikageuka. Febronia alilia.

Ijumaa alikuja Makoye, kaka mkubwa wa Thobias, kofia ya pama kichwani.

"Shikamoo shemeji," Febronia alisema, akishuka kitandani na kupiga goti.

"Marahaba. Yuko wapi huyo mgonjwa?" Makoye aliinama. Eufrasia alinyoosha mkono akaivuta kofia ikaanguka, akacheka. "Ala! Mgonjwa gani huyu mwenye nguvu za kuninyang'anya kofia? Huyu ni mwizi, mpelekeni polisi!"

Kisha akamgeukia mdogo wake na sauti ikabadilika. "Wakwe wako njiani. Kesho ng'ombe wanaingia. Nyumba haina mama, unataka wapokewe na nani? Mimi nipike?"

"Mtoto hajamaliza sindano," Febronia alisema.

"Mtoto anacheka! Mwenye kufa anacheka?"

Thobias alimwokotea kaka yake kofia. Halafu akasema, "Nimewapa watu neno langu, Mama Tereza. Kesho tutakuwa nyumbani, Jumatatu tutarudi."

"Baba Tereza," Mageni alidakia, "hao ng'ombe wana miguu minne, watafika kwako hata usipokuwepo. Au wanakuja kukuoa wewe?"

Wanawake wodini waliangua kicheko. Pengine kicheko kile ndicho kilichokaza shingo ya Thobias, maana mwanamume aliyezoea kuheshimiwa hapendi kurudi nyuma akiwa anachekwa. Sista Scolastika, msimamizi wa wodi, aliitwa. Alimsihi, kisha akamkemea.

"Mtoto amepata nafuu, hajapona. Hawa wadudu hawajui siku ya mahari. Mwache mama hapa, wewe nenda."

"Sista, kwetu wakwe hawapokewi na baba peke yake. Ni kuwafukuza."

"Basi waahirishe."

"Nimeshasema Jumamosi."

Alipoona hataweza kumzuia, Sista aliwapa vidonge vya dawa ile ile, akamwonyesha Febronia jinsi ya kuvifungua na kuchanganya unga wake na asali, na akarudia saa za kumpa. Febronia alimtazama mumewe mara moja tu. Hakupinga tena. Alikuwa amelelewa kuamini kwamba neno la mwisho la nyumba si lake. Mwanamke asiyeweza kusema hapana juu ya uhai wa mtoto aliyemzaa amefundishwa vibaya, na waliomfundisha wana sehemu yao katika hesabu hii.

Jumamosi ilikwenda vizuri, kama watu wanavyohesabu vizuri. Ng'ombe waliingia, wazee wa upande wa Thobias wakawazunguka wakiwadharau mmoja mmoja.

"Huyu mmemleta ndama au mbuzi?"

"Ukimwona mbuzi, mnyime majani, utaona pembe zake!" watu wa Masumbwe walijibu.

Febronia alisonga ugali tangu asubuhi, akapokea mabinti wa ukweni, akachota maji, akapakua. Unga wa dawa ulikuwa mchungu kushinda asali. Mara ya kwanza mtoto aliutema, mara ya pili akautapika pamoja na uji. Mara ya tatu Febronia alikuwa jikoni na wageni wakiita, akamwachia mtoto wifi yake mmoja, naye huyo alisahau.

Jumapili jioni homa ilirudi. Jumatatu walirudi hospitali, kama Thobias alivyoahidi, ila mtoto alikuwa amekakamaa na hamjui mtu.

Hakuna aliyewatolea maneno. Sista Scolastika alichoma sindano na kuandika saa. Safari hii wiki mbili zilitimia, na zikaongezwa nyingine. Mageni alikuwa amekwisha kuruhusiwa, na wodini hakuna aliyetania. Eufrasia aliishi.

Siku moja baada ya kurudi nyumbani, Febronia alikuwa akitwanga mahindi, mtoto amekaa nyuma yake mkekani. Mchi ulimponyoka ukaangukia sufuria tupu. Kuku walitawanyika, mbwa akabweka. Eufrasia aliendelea kuchezea vumbi. Febronia aliiokota ile sufuria, akasimama nyuma ya mtoto, akaigonga kwa mchi kwa nguvu zake zote. Kisha akaigonga tena. Thobias alitoka ndani kuuliza kelele za nini, akamkuta mkewe anagonga sufuria na mtoto hageuki.

Yale maneno machache aliyokuwa nayo Eufrasia yalimtoka moja baada ya jingine. La mwisho kupotea lilikuwa "mayu". Na alipofika miaka minne kilianza kifafa: huanguka ghafla, povu mdomoni, kisha hulala nusu siku.

Thobias alimfuata Marselino.

"Mganga, niambie kweli. Ni kwa sababu nilimtoa?"

Marselino alifikiri. "Pengine masikio yalikufa siku zile za kwanza kabisa, hata kabla hujamleta. Ugonjwa huu hufanya hivyo. Pengine yalikufa ulipomtoa. Sina kipimo cha kunieleza."

"Lakini wewe unaonaje?"

"Naona sijui, Baba Tereza."

Febronia alipoelezwa, alikumbuka ile kofia. Mtoto alicheka alichokiona. Je, alisikia chochote? Hakuna aliyekuwa amemwita kwa nyuma. Hakukuwa na namna ya kurudi kuangalia.

Wapo waliomwambia Thobias ajifariji kwa jibu lile, kwamba huenda hana hatia. Faraja hiyo ni ya uongo. Aliambiwa wazi kwamba matibabu hayajakwisha, akachagua heshima yake mbele ya wakwe. Kosa lilitimia pale mlangoni pa wodi, kabla haijajulikana litazaa nini. Thobias mwenyewe alilijua hilo, maana aliacha kusuluhisha ugomvi wa watu. Waliomjia aliwaambia, "Tafuteni mwingine."

Febronia na Eufrasia walijitengenezea lugha yao ya mikono. Hakuna aliyewafundisha. Kidole kwenye titi kilikuwa mama, mkono ukipukuta kama unaomwaga punje ulikuwa kuku, viganja viwili vikifungwa vilikuwa usingizi. Walizungumza hivyo uani, mara nyingine wakicheka hadi Febronia akashika mbavu. Thobias alipita na jembe lake. Hakuwahi kuketi ajifunze. Alisema ni mambo ya mama na mtoto. Ukweli ni kwamba kila ishara ilikuwa inamshitaki.

Eufrasia alipokuwa na miaka minane, Tereza alijifungua huko Masumbwe na Febronia akaenda kumwuguza. Thobias alibaki na mtoto. Siku ya pili, saa za uji, Eufrasia alimjia jikoni akaweka kiganja kisogoni, kisha akakiangusha chini. Thobias alimtazama. Akarudia: kisogo, chini, kisogo, chini. Thobias akampa kata ya maji. Eufrasia akaisukuma. Akamletea kiazi. Akakitupa, akapiga mguu chini, akamshika baba yake shati na kumvuta, na kiganja kikarudi tena kisogoni.

"Sasa unataka nini, ng'wanone, mwanangu?" Thobias alimwuliza mtoto asiyesikia. Akageuka kuchota maji mengine.

Alipogeuka tena, Eufrasia alikuwa ameanguka juu ya mafiga, mkono wa kulia ndani ya makaa.

Febronia alirudi akakuta mkono umefungwa kitambaa hadi kwenye kiwiko, na vidole havikunjuki. Alimpakata mtoto, akauliza bila kumtazama mumewe:

"Alikuonyesha hivi?" Akaweka kiganja kisogoni, akakiangusha.

"Alinionyesha. Mara nyingi."

"Anasema kifafa kinakuja, mtu amlaze mbali na moto. Wewe ukafanya nini?"

"Nilimpa maji," Thobias alisema.