Pikapu Iliyogonga Mpaka "Riziki Yetu"

Nilikuwa jikoni nikikoleza moto, Jumapili alfajiri, niliposikia pikapu ya marehemu mume wangu ikiwashwa uani. Moyo wangu ukachemka kabla ya chai. Tak-tak-tak-tak, kama mtu anapasua karanga kwa jiwe.

Pikapu hiyo haikuwa na tabia ya kulia hivyo. Mume wangu aliiendesha miaka mingi hapa Nyansiongo, kwenye baridi hii ya kukatisha vidole, na akiiwasha asubuhi ilikuwa inagonga kidogo tu, kisha inanyamaza hujamaliza kusema "Baba yetu uliye mbinguni." Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na alipokufa nikakirithi mimi. Jumapili hiyo nilianza kusali na ukuni mkononi. Nikafika "ufalme wako uje" ndipo ikanyamaza.

Aliyeshika usukani ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho. Wanakaa shamba la tatu kutoka kwangu. Wanangu wa kiume wako mbali na kazi zao, na hakuna hata mmoja anayeweza kuja kuamka saa kumi na moja kubeba maziwa. Huyu ndiye anayekuja. Anapakia mikebe yangu na ya majirani sita, anaipeleka kunakopozwa maziwa. Sisi wa nyumba hizi saba hatuna mashamba ya majani chai ya kuegemea kama watu wa Itumbe, tuna ng'ombe. Pikapu ikifa, maziwa ya nyumba saba yanachachia uani, na gari lingine hakuna.

Mtu asiye wa kwetu ataniuliza: mbona hukutoka ukamwambia? Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Kwetu Wagusii, mama mkwe na mkwe wake wanaoneana haya. Tunaiita ensoni. Hatutazamani usoni, hatukai mahali pamoja, na kugombana ndiyo kabisa haikubaliki. Yeye akiingia uani, mimi nabaki jikoni mpaka aondoke. Siidharau desturi hiyo, imetunza nyumba nyingi. Lakini walioitunga hawakuwa na pikapu.

Nikamwita binti yangu, aliyekuwa amekuja naye kukamua. "Mwambie mume wako gari linagonga. Aangalie oili leo hii, si kesho."

"Sawa, Mama."

Jiko langu ni la mbao na mbao zina nyufa. Nikamsikia akiufikisha ujumbe wangu: "Baba watoto, Mama anakusalimia sana. Anasema leo gari imeamka na sauti kidogo."

"Mwambie asijali. Gari ikizeeka lazima ikohoe ikiamka, kama wazee wengine."

Akarudi kwangu na uso mtamu. "Anasema ataangalia."

"Ataangalia? Mimi nimesikia habari ya kikohozi tu."

Akainama akachukua ndoo. Hivyo ndivyo alivyonifanyia wiki baada ya wiki. Mimi nilimpa pilipili, yeye akampelekea mumewe sukari. Nikisema "ataua gari," anasema "Mama anauliza gari inaendeleaje." Nilimlea mimi mwenyewe mtoto huyo. Sijui huo ulimi wa asali aliutoa wapi.

Kisha Ijumaa moja akaja anatabasamu. "Mama, furahi sasa. Baba watoto amemwona fundi mjini. Amebadilishiwa oili, ametiliwa ile nzito kabisa. Fundi anasema hiyo inanyamazisha kelele."

Na kweli, mchana ilikuwa kimya, ingawa mchana haikuwahi kugonga. Pikapu ilirudi kutoka kupeleka maziwa ikinguruma taratibu kama paka, na binti yangu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Jioni ikaegeshwa kabla jua halijazama, maana sisi tunaishika Sabato na gari letu linaishika pia. Maziwa ya Jumamosi hunywewa na ndama, na yeyote anayekuja na chombo. Pikapu haikuguswa mpaka Jumapili.

Jumapili ilipowashwa nilifika "utupe leo riziki yetu" na bado inapasua karanga.

Hasira haikunizuia kufikiri. Wiki zote hizo, Jumatatu kelele ilikuwa fupi. Jumanne pia, na Jumatano. Jumapili, baada ya gari kulala siku moja na nusu, ndiyo ilikuwa ndefu. Na ikishapata moto, kimya. Chuma kilichovunjika hakichagui siku ya kulia wala hakinyamazi mchana. Nikajua hapa oili inashuka yote chini gari likilala, halafu asubuhi inachelewa kupanda. Na huyu mtu amezidi kuifanya nzito!

Jumapili iliyofuata niliamka kabla mkwe wangu hajafika. Ufunguo hukaa kwangu kwenye msumari. Kuendesha sijui, lakini kuwasha na kusikiliza mume wangu alinifundisha, zamani alipokuwa akiendesha trekta. Nikafungua boneti. Nikavuta kijiti cha kupimia, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakivuta tena: oili imejaa mpaka alama ya juu. Basi si upungufu. Nikawasha. Nikachukua jembe, ncha ya mpini nikaiweka kwenye injini, mbali na feni, jembe lenyewe nikaliweka kwenye sikio. Chini, kwenye beringi, palikuwa pametulia. Juu, kwenye tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali, palikuwa na vita.

Kichwa kikiwa bado ndani ya boneti, nikaona viatu vya mpira vimesimama ng'ambo ya pili.

Alikuwa amewahi. Tulitazamana, Mungu anisamehe, macho kwa macho. Yeye akaruka nyuma ya mikebe ya maziwa akashusha kofia mpaka puani. Mimi nikageuka nikampa mgongo, jembe begani kama askari. Mbele yangu alikuwa ng'ombe wangu mweusi, amefungwa akingoja kukamuliwa.

Ningeweza kukimbilia jikoni. Ndivyo ilivyonipasa. Lakini miezi miwili ya hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni.

"Wewe ng'ombe!" nikasema. "Ulimsikia nani akisema wazee lazima wakohoe?"

Ng'ombe akatafuna.

"Nakuuliza wewe mwenye pembe! Wazee wa zamani walinyonya pombe yao kwa mirija mirefu, na ikipoa wakaitia maji moto ili ipande. Pombe siisifu. Lakini hata walevi walijua kitu kizito na baridi hakipandi mrijani. Wewe umeshindwa kujua?"

Nyuma ya mikebe ikatoka sauti nyembamba. "Ng'ombe, mwambie Mama fundi alisema injini ikizeeka inataka oili nzito."

"Ng'ombe, muulize fundi huyo analala wapi. Kama analala kwenye joto la Kisumu, sawa. Hapa ni Nyansiongo."

"Ng'ombe, si mchana inanyamaza?"

"Mchana hata mimi natembea bila fimbo! Aje anione saa kumi na moja alfajiri!"

Binti yangu akatokea na ndoo, akasimama mdomo wazi. "Mnaongea na nani?"

"Na ng'ombe," tukasema wote wawili.

Nikamwambia huyo ng'ombe atazame chini ya boneti. Mume wangu aliandika pale kwa rangi ya trekta namba ya oili ya pikapu hii: 10W-30. Darasa mimi niliishia la tatu, lakini namba nazijua. Alinieleza kwamba iliyo mbele ya W ni ya baridi, na ikiwa ndogo, oili inakimbia asubuhi. Ya nyuma ni ya injini ikishapata moto. Mkebe wa oili alioleta mkwe wangu ulikuwa bado nyuma ya kiti, umeandikwa 20W-50. Maandishi ya marehemu alikuwa akiyaona kila alipofungua boneti, akadhani ni mapambo.

"Na filta ya kuchuja oili, ng'ombe? Ilitoka wapi?"

"Ng'ombe, nilinunua ile rahisi, ya kupangwa kando ya barabara. Kabla kelele haijaanza."

Hapo nilipiga jembe chini. Filta nzuri ina ulimi wa mpira ndani unaozuia oili isishuke gari likilala. Ya rahisi huenda haina, au inao lakini mgumu kama ngozi kavu. Ugonjwa ulianzia kwenye filta, dawa ikauongeza.

Siku hiyo maziwa yalibebwa kwa punda wa jirani, kwa safari tatu. Mkwe wangu aliimwaga ile oili nzito yote, akaenda akanunua filta ya kweli na oili ya namba ya marehemu. Akamtuma binti yangu aniletee mkebe wa oili na boksi la filta nivisome mwenyewe. Nikavisoma jikoni, mlango umefungwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya Sabato nzima ya kulala, ikawashwa. Nikaanza, "Baba yetu uliye..." na ikanyamaza.

Karibu kelele yote. Tapeti moja inagonga mpaka leo, tik, tik, asubuhi na mchana. Haikuwa ikigonga mchana kabla ya oili ile. Fundi mwingine ameisikiliza, akasema imelika kwa kufanya kazi kavu, na itaendelea hivyo mpaka injini ifunguliwe. Maziwa yanafika. Lakini kila asubuhi naisikia ile moja, na hasira yangu inarudi palepale.

Juzi breki ilianza kulia. Nikamwita binti yangu dirishani. "Mwambie mume wako hizo breki zitaua watu, na yeye wa kwanza."

Akafungua mdomo, akaufunga. "Niseme hivyo hivyo, Mama?"

"Hivyo hivyo."

Nikaweka sikio kwenye ufa wa mbao, nikamsikiliza akiyasema yote, mpaka neno la mwisho.