Usiazime Nyumba ya Muhumba

Iko siku moja haijanitoka kichwani, Aline mwanangu. Nilikuwa na miaka yako. Wenye bunduki walikuwa wametufukuza kwetu Walungu, tukabanana mu nyumba ya mbao huku Kadutu, na mimi nikaenda kuomba kazi ya kupika kwa nyumba moja ya wageni. Binamu yangu Faustin akanifundisha njiani: «Wakiuliza unalala wapi, sema Muhumba, kule kwa matajiri. Mutu wa Kadutu wanamuona muchafu.»

Wakauliza. Nikasema Muhumba, tena nikaongeza nyumba yetu iko na mulango mukubwa wa inje, portail ya kijani. Ulimi ukianza kuteremuka mulima, haujue kusimama.

Hatukuwa na simu. Mwezi ukapita, nikakutana na mulinzi wao sokoni. Muzee akanipigia kelele: «Ni weye! Nilitumwa kukuita uanze kazi. Nimegonga portail zote za kijani za Muhumba, imbwa wakanikimbiza! Nafasi wamepatia mwengine.»

Faustin iko na kosa lake, namutaja asikie. Wenye bunduki nao Mungu anawajua. Lakini ule uongo ulitoka mu kinywa yangu, na kusema hivyo kumenichukua miaka mingi.

Sasa jana nimekusikia ukimwambia rafiki yako: «Maulizo ya kazi, ile entretien ya video, nitafanyia kwenu Muhumba, wasione mbao zetu.» Sikukasirika, mwanangu. Aibu hiyo naijua. Lakini ile kazi ya kupima watoto kilo kule Luberizi unaitaka kweli, na wakisema, «Kwenu pazuri!» utajibu nini? Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kama ni courant, umeme, unafuata, nenda, ila sema wazi: niko kwa rafiki. Ukibaki hapa, chaji simu mapema, iegemeze juu ya vitabu ifike usawa wa macho, uso uangalie dirisha. Mvua ikipiga mabati, usijifanye umesikia, omba warudilie ulizo. Majibu usiyabandike ukutani, macho yatakuchongea. Jirani yetu Maman Riziki na radio yake uniachie mimi, nitamukalia mulangoni.

Jieleze vile uko: umelea wadogo zako wane, unajua mutoto mwenye njaa anavyolia na mwenye homa anavyolia. Hiyo hakuna salon ya nyumba kubwa inayoifundisha.

Mungu atulize moyo wako, mwanangu, mama yangu mudogo, na maneno yako yafike mazima. Wakikupokea, wakupokee weye. Wakikukatala, urudi, chakula kitakuwa kingali moto.