Mdogo Wangu Alilala Mochwari Siku Tisa kwa Ajili ya Pointi za Ndege

Admin, jina langu lifukie kabisa, maana nusu ya Watanzania wa Wembley wamo kwenye ukurasa wako. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, Mchagga, niko Landani mwaka wa kumi na sita, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye care home. Nina mume na mtoto mmoja wa kiume. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo upole msiutegemee.

Mume wangu ana kadi za mkopo saba. Si kwamba ana shida ya hela, anakusanya pointi za ndege. Ukilipa kwa kadi unapewa pointi, zikijaa unakatia tiketi. Kuna kadi ya supermarket, kuna ya mafuta ya gari, na kuna zile anazofungua ili apate zawadi ya kujiunga tu, kisha anafunga na kufungua nyingine. Tukienda kula na watu ananyakua bili kabla mhudumu hajaiweka mezani, halafu kila mtu amtumie hela yake. Wenzake wanadhani anawapunguzia usumbufu. Siku moja nilinunua maziwa kwa kadi isiyo sahihi, akanifokea mpaka mwanangu akatoka chumbani akasema, "Dad, it's just milk." Akajibiwa kwamba hivyo ndivyo maskini wanavyofikiri. Mtu mzima, ana tai shingoni, anagombana na chupa ya maziwa.

Nilimvumilia. Nilijiambia afadhali pointi kuliko pombe. Mjinga mimi.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama, alianguka kazini kwenye ghala moja Hayes, hukuhuku Landani, na hakuamka tena. Kwetu mtu hazikwi ugenini kama kuna namna ya kumrudisha, basi msiba ukawekwa kwangu. Watu walikuja wakitoka shift, wengine wana yunifomu za usafi chini ya makoti, wakachanga. Ndani ya siku nne hela ya kusafirisha mwili ilitimia. Mume wangu akasimama sebuleni, mikono ameikunja kama mchungaji.

"Ndugu zangu, tumeni yote kwenye account yangu. Mambo ya funeral directors, hao wa kusafirisha mwili, niachieni mimi, nita-deal nao."

Watu wakaitikia amina. Mimi nililia kwa shukrani, na machozi yale nayajutia mpaka leo.

Siku zikaanza kupita. Kila nikimuuliza ananiambia, "Paperwork, Mama Junior. Hii ni UK, kuna process." Huko Moshi wajomba walikuwa wameshachimba kaburi kihambani, kwenye shamba letu la ukoo. Mama akanipigia. "Mwanangu, mvua imeanza, kaburi tumelifunika turubai. Mdogo wako anakuja lini?" Nikamwambia Wazungu wana makaratasi mengi. Nilimdanganya mama yangu bila kujua.

Siku ya tisa tangu hela itimie, asubuhi, postman akaleta bahasha ya mume wangu. Aliipasua palepale mlangoni, ndani mna kadi mpya. Akaibusu. Naapa, aliibusu, nyumba ina msiba. Kisha akawapigia wale wa kusafirisha mwili na kuwasomea namba za kadi. Alipoondoka nikawapigia mimi. Dada aliyepokea akanipa pole, akaniambia karatasi zote zilikuwa tayari tangu zaidi ya wiki moja iliyopita, walichokuwa wanasubiri ni malipo tu.

Jioni nikamuuliza. Msidhani aliona aibu, alinieleza kama mwalimu.

"Hata penny moja haijapotea, nimelipa full amount, na michango italipa deni la kadi. Ila hii new card wanataka utumie hela nyingi within three months ndiyo wakupe bonus. Ningelipa na kadi ya zamani ingekuwa waste."

"Siku tisa, Baba Junior."

"Shemeji yuko kwenye friji, hana haraka."

Kisha akanigeuzia simu nione. Pointi zilishaanza kuingia, na zikichanganywa na za zamani zinatosha viti viwili vya business class, vile vinavyokunjuka vikawa kitanda. Tutasafiri na mwili tukiwa tumelala, akasema, nami nitamshukuru. Yaani michango ya wafagiaji imemtandikia kitanda, na mdogo wangu yuko chini yake kwenye mizigo.

Angekuwa mwizi ningejua la kumfanya. Mwizi anashtakiwa. Huyu ametuma risiti kwenye grupu la msiba na watu wamemjibu Mungu akubariki. Nimelala na huyu kiumbe miaka kumi na mitano, sasa hata sauti yake ya kutafuna inanichefua.

Kiti chake nimekikataa. Nimekata tiketi ya kawaida kwa mshahara wangu, ndege nyingine, na ndoa nitajua cha kuifanya nikirudi. Kwa hayo siombi ushauri.

Ninachoomba ni hiki. Juzi mama alipiga tena, sauti imemkauka kwa kulia.

"Mkwe wangu amehangaika na makaratasi ya Wazungu mpaka anamleta mwanangu nyumbani. Nimemnunulia mgolole wa heshima. Tukimaliza kuzika nitamvisha mwenyewe, palepale kaburini, watu wote waone. Wewe utanishika mkono, miguu yangu haina nguvu."

Mama ana presha. Nikimwambia, atamzika kitinda mimba wake akijua kwamba kaburi lilikaa chini ya turubai kwa sababu ya kadi. Nikinyamaza, atamvisha heshima mtu aliyemwacha mwanawe kwenye friji, na mkono wa kumfikisha pale ni wangu. Nilimwambia mume wangu kuhusu mgolole nikitegemea atasita kidogo. Aliuliza ni wa rangi gani.

Mazishi ni Jumamosi. Nishaurini jamani, nimshike mama mkono?