Aliyegonga Mlango wa Ochieng

Nianze kwa kukwambia kwamba mimi si mtu wa kuona vitu. Sinywi, sivuti, na kanisani huwa nasinzia kama watu wengine wote. Kwa hiyo haya nitakayokusimulia usiyachukue kama hadithi ya kumtishia mtoto alale. Yalitokea kwetu Karungu, ndani ya boma letu, na kaburi liko pale, ukitaka njoo ulione kwa macho yako.

Ochieng alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alikuwa akiendesha bodaboda, na mtu wa bodaboda simu yake ikizima amefunga kazi, kwa sababu mteja hamngoji, anampigia mwingine. Sasa shida yetu huku ni stima. Mvua ikinyesha kidogo tu inapotea, ikirudi unaionja kidogo, kisha inaenda tena. Ndiyo maana kila kijana hapa anatafuta chaja ya haraka. Hata mimi ningeitafuta.

Chaja iliyokuja na simu yake ilikuwa imekatika waya shingoni, akaifunga selotepu mpaka ikakataa kabisa. Angeweza kwenda kwenye duka la simu linalojulikana, apewe risiti na garantii. Hakwenda. Siku ya soko alimkuta jamaa mmoja wa kupita, ametandaza turubai chini na kumwaga chaja juu yake kama nyanya. Ile aliyoichagua Ochieng ilikuwa imeandikwa wati sitini na tano kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Nilikuja kujua baadaye kwamba simu yenyewe haikuweza kupokea hata nusu ya hizo wati, kwa hiyo hata zingekuwa za kweli hazingemsaidia kitu. Lakini nani husoma kijitabu cha simu? Wewe umewahi?

Dalili zilikuwepo, na ninakasirika kila nikizikumbuka. Chaja ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Ukiichomeka ilicheza kwenye soketi na kutoa cheche. Waya wake ulikuwa mwembamba, na baada ya muda mfupi chaja ilipata moto hata huwezi kuishika kiganjani. Simu ikiwa kwenye chaja, kioo kilijifungulia vitu chenyewe. Mama alilalamika kwamba nyumba ya Ochieng inanuka plastiki. Ochieng alicheka, akamwambia hiyo ndiyo harufu ya nguvu. Mama naye akacheka, maana kitinda mimba hakosi.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana na stima ilikuwa imepotea siku nzima. Iliporudi tulisikia kelele za furaha kutoka boma hadi boma, kila mtu akakimbilia soketi. Tulikula mapema kwa Mama, kisha Ochieng akaenda kwenye simba yake. Simba ni ile nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa, na yake iko karibu na lango. Kwa sababu ya wezi wa pikipiki alikuwa ameiwekea mlango wa chuma wenye komeo kwa ndani na nondo dirishani. Mimi nikaingia kwangu, upande wa kulia wa boma. Nilikuwa peke yangu, mke wangu alikuwa amekwenda kwao.

Hata sijalala vizuri, nikasikia changarawe juu ya bati. Kisha kitu kikakwaruza ukuta wa nyuma, taratibu, kuanzia kona moja mpaka nyingine. Kisha mtu akahema dirishani.

Kama wewe ni mtu wa kwetu, huhitaji kuelezwa. Kama si wa kwetu, nikwambie: huyo tunamwita jajuok, mtu anayekimbia gizani uchi, anatupa mawe juu ya nyumba, anagonga milango, anasugua mgongo kwenye kuta za watu. Kila mtoto hapa anafundishwa la kufanya. Zima taa. Usiitike. Usifungue. Jifunike mpaka kichwani unyamaze, atachoka aende zake. Ukimfungulia, utakuwa umempa alichokuja kutafuta. Ndivyo alivyofanya baba yangu, na baba yake.

Nikazima taa. Simu ikatetemeka. Ilikuwa meseji ya Ochieng, imeandikwa hivi: "Bro, jajuok yuko. Amekuja kwangu pia. Usifungue, ataenda tu."

Nikalala kimya kama nilivyoambiwa. Niamini, yule mtu hakwenda. Alirudi kwangu, akagonga. Akakimbia mpaka langoni, nikamsikia akigonga mlango wa chuma wa Ochieng, safari hii kwa viganja viwili, kwa nguvu ambayo sijawahi kumsikia jajuok akigonga. Jajuok hucheza. Huyu hakuwa anacheza. Akarudi tena kwangu, na sasa alikuwa analia. Nakwambia alikuwa analia, mtu mzima, kama mtu aliyefika hospitali akakuta geti limefungwa. Mimi nikavuta blanketi.

Harufu ndiyo iliyonitoa kitandani. Plastiki, halafu godoro. Nikawasha taa ya nje, nikafungua mlango.

Alikuwa amesimama kati ya nyumba yangu na simba, hana nguo hata moja, tope mpaka magotini, mvua inamtiririka. Nilimjua kwanza kwa mgongo wake uliopinda. Kisha akainua mkono wa kulia kuonyesha simba, na mkono ule haukuwa na kidole gumba. Mashine ya kusaga mahindi ilimkata Mzee Okelo kidole hicho zamani, na Mzee Okelo, jirani yetu ambaye kijiji kizima kilijua kwamba ni jajuok, tulikuwa tumemzika mwaka uliopita. Mimi mwenyewe nilishika kamba moja ya jeneza.

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Akasema kwa Kijaluo, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, "Nimegonga mpaka nimechoka."

Sikuona alikokwenda, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango wa chuma. Nilipiga kelele, Mama akatoka, majirani wakaja na sahani zao bado zina chakula. Mmoja alikimbia kuzima stima kwenye mita. Tulipiga mlango kwa shoka na kwa mtaimbo. Ulikuwa mlango mzuri, fundi aliufanyia kazi yake.

Ochieng hakuungua sana. Hilo ndilo watu hunipa pole nalo, kana kwamba ni zawadi. Moshi wa godoro ulimmaliza kabla moto haujamfikia. Tulimkuta amejifunika blanketi mpaka kichwani, kama tulivyofundishwa. Simu ilikuwa chini ya mto ikiwa bado kwenye chaja, na chaja yenyewe ilikuwa imeyeyuka na kuteremka ukutani, nyeusi.

Asubuhi kulipopambazuka, watu wote waliona. Mlango ulikuwa umeng'olewa na kulazwa kwenye nyasi, na upande wake wa nje ulikuwa umejaa alama za viganja vya tope, juu mpaka chini. Alama za mkono wa kushoto zilikuwa na vidole vitano. Za mkono wa kulia, vinne. Mama alikaa chini akazitazama mpaka jua likazikausha zikabanduka, na hakuruhusu mtu yeyote aufute ule mlango.

Baada ya mazishi nilirudi sokoni kumtafuta yule jamaa wa turubai. Alikuwepo, akaniuzia nyingine kama ile bila kujua mimi ni nani. Niliipasua kwa jiwe pale pale mbele yake. Ndani mlikuwa na waya mbili tatu, kijipande cha saketi, na nafasi tupu. Zile wati sitini na tano zilikuwa stika tu. Nilitaka kumpiga. Nilimwonyesha picha ya Ochieng, akasema hata yeye nyumbani anatumia chaja hizo hizo na watoto wake wapo. Nikaona kwamba anasema kweli, nikaondoka.

Kisha nikaenda kwa mjane wa Mzee Okelo. Tunamwita Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, kwa kuwa alizaliwa huko. Mama huyu, tangu mumewe akiwa hai, akifika kisimani wenzake walikuwa wanajitwika ndoo na kuondoka. Padri, niliyemweleza kwanza, alikuwa ameniambia ninyamaze, kwamba ni mshtuko wa msiba. Nikashindwa kunyamaza. Nilimweleza yote, kule kugonga, kule kulia, na lile neno.

Alisikiliza mpaka mwisho akichambua dagaa. Kisha akaniuliza, "Alikuwa amevaa kitu?"

Nikamwambia hapana.

"Na mvua yote ile," akasema. Akaendelea kuchambua. Baadaye akaniuliza kama sasa watu watasema mumewe alikuwa mtu mzuri. Nilisogea karibu, nikaanza kuchambua dagaa pamoja naye.

Sasa nyumbani kwangu mlango haufungwi kwa komeo. Mke wangu ananigombeza, anasema wezi watatumaliza. Changarawe ikianguka juu ya bati, hata ikiwa ni tunda lililodondoshwa na popo, nainuka na kutoka nje na tochi, nazunguka nyumba, nanusa. Hakuna mtu. Mama naye hawezi kukaa chumba kimoja na simu iliyo kwenye chaja. Huichomoa hata kama ni ya mgeni, bila kuomba ruhusa.

Wewe unayenisikiliza, labda simu yako iko kwenye chaja hivi sasa. Hebu iguse. Kama huwezi kuacha kiganja chako juu yake, ichomoe. Kama inacheza kwenye soketi, kama inavuma, kama inanuka, kama waya umechubuka na umeufunga tepu, itupe, na usimpe mtu mwingine. Nunua ile ambayo waliotengeneza simu yako wanaitaja, ununue kwa mtu mwenye duka ambaye utampata kesho. Simu isilale kitandani, isiwekwe chini ya mto, na usiiache kwenye chaja ukalala.

Usijiambie kwamba harufu utaisikia. Ochieng alikuwa na pua nzuri kuliko mimi. Sisi tulibahatika, alikuja mtu kutugongea, tukamnyamazia. Kwako huenda asije mtu.