Magunia Yaliyogombea Nyuma ya Tela

Kila nikinusa grisi iliyochanganyika na vumbi la mahindi, namwona Shangazi Fotunata amepiga magoti nyuma ya pikapu yake, akiunganisha tela. Msinicheke, mimi huwaza kitu kimoja mara kumi, na hiki nimekiwaza zaidi.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kuja Songea kununua mahindi. Mnunuzi alipima magunia kadiri yalivyoshushwa, na lori lake likijaa, anaondoka. Basi siku tuliyopakia Namtumbo, kila jirani alitaka gunia lake likae mwisho wa tela, lishushwe kwanza. Mbele ya tela pakabaki wazi.

"Fotunata, la kwangu nyuma kabisa!" alifoka Mzee Ngonyani. "Nimekubeba mgongoni mimi!"

"Shikamoo, mzee. Ukinibeba tena leo, nitakubali."

Wote wakacheka. Shangazi akawaonya kwamba uzito unatakiwa ukae mbele ya magurudumu. Hawakusikia. Mwishowe akayapakia walivyotaka.

Kwenye mteremko wa kwanza tela likaanza kuyumba, taratibu, kama ng'ombe anayefukuza inzi kwa mkia. Kisha likawa linaiburuta pikapu nzima kulia na kushoto, kuelekea korongoni. Mzee Ngonyani, tuliyebanana naye kiti cha mbele, akapiga kelele, "Breki, mwanangu! Breki!"

Shangazi hakugusa breki. Aliondoa tu mguu kwenye mafuta na kuushikilia usukani ukiwa umenyooka, mishipa ya mikono imemtoka. Polepole tela likatulia.

Tuliposimama, majirani waliopanda nyuma ya pikapu waliruka chini. "Nisameheni," shangazi akawaambia. "Nimepakia vibaya." Akayatoa magunia yake manne katikati, akayapanga mbele kabisa. Hakuna aliyebisha tena.

"Na langu lisogee," alisema Mzee Ngonyani. "Nikifa nitauza nini?"

Mjini, lori lilijaa kabla ya zamu ya shangazi. Tulirudi na magunia yake yote. Nilikuwa darasa la tatu, nikaona aibu. Kwa miaka niliwaambia wenzangu kwamba shangazi yangu ni dereva hodari, ila kupakia hajui.

Nilipomaliza chuo nikajifunza udereva. Siku mwalimu alipotufundisha kuvuta tela, alisema wengi hupinduka kwa kukanyaga breki, na kwamba mzigo ukielemea nyuma, tela lazima liyumbe. Nikakosa usingizi. Nilikuwepo Namtumbo. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaonya, na bado niliamini kosa lilikuwa lake, kwa sababu tu ndiye aliyeomba msamaha.